Jiwe la Theodori

Basi lilipotoka tu Kisawasawa, mzee wa kiti cha mbele yangu alijitambulisha kuwa ni katekista, na kwa bahati mbaya akaanza kufundisha. "Mama, kupiga kura ni wajibu. Uchaguzi ukifika, uende."

"Mimi siendi tena, baba," alijibu mama aliyekaa kando yake, dirishani. "Mara ya mwisho tulipanga mawe kwenye foleni alfajiri, kila mtu na lake, kama tunavyofanya zahanati, tukaenda kukaa kivulini. Mbele ya langu palikuwa na jiwe la mtoni. Foleni ikisogea, nalisogeza na lenyewe, nikijua mwenyewe yuko karibu. Tumefika mlangoni saa saba, jua la utosi, hajatokea mtu. Nikaliokota. Lilikuwa linachuruzika maji."

"Umande huo," alisema katekista.

Umande wa saa saba mchana! Lakini mimi sikuulizwa.

"Mume wangu Theodori alichukuliwa na mto masika ya mwaka ule. Jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya wapiga kura ukutani, juu ya langu."

Mzee akamgeukia. "Sasa si aibu? Marehemu anaujua wajibu, wewe mzima unaukimbia!"

"Mimi ndiye niliyemsogeza mpaka mlangoni, baba. Nani atamrudisha?"

Gari likasimama Kibaoni, mama akashuka. Nikainuka haraka nihamie dirishani. Kitini palikuwa na jiwe la mtoni, na kitambaa chini yake kilikuwa kimelowa.

"Hapo pana mtu," konda akanionya.