Mama Gawanya na Fyuzi ya Ampea Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufungua plagi za watu na kuzifunga zikiwa salama kuliko zilivyokuja, fundi mkuu wa karakana yetu ya vyombo vya umeme anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye kitambulisho chake. Mlangoni wateja humwulizia Mama Gawanya, naye huitika.

Siku ya kwanza alikabidhiwa meza ya mwisho kabisa, bisibisi yenye mpini uliopasuka, na pasi arobaini zilizokuwa zimewashinda wenzake. Miezi miwili baadaye pasi zilikwisha na yeye akahamia meza ya dirishani. Bisibisi anayo hadi leo, mpini umezungushiwa utepe mweusi, na asiyejua taratibu huiazima mara moja tu.

Jina lake la utani lilitokana na ubao alioutundika kando ya meza yake. Chombo hakikutoka hapo mpaka mteja ashike chaki na kugawanya: wati zilizoandikwa mgongoni mwa chombo, kwa volti za nyumbani, mia mbili na arobaini. Jibu ndizo ampea. Likiwa chini ya tatu, plagi ilipata fyuzi ya tatu. Likizidi hapo, ya kumi na tatu. Redio ya wati thelathini haifiki hata ampea moja. Pasi ya wati elfu moja na mia mbili hufika tano. Jokofu alilitenga, kwa kuwa mota yake huamka kwa pupa, ikivuta umeme mwingi kwa ghafla, na kabla ya kuligusa alisoma kwanza maelekezo ya kiwanda. Mwalimu mmoja wa hesabu alikosea kugawanya mbele ya foleni nzima. Mama alimsahihisha kwa upole, na tangu hapo mwalimu akawa analeta hata vyombo vizima, apate kujaribiwa tena.

Si kila mtu alifurahia. Katika mwaka wake wa ishirini, foleni ilipofika barabarani, meneja wetu wa wakati huo alibandika ukutani agizo kwamba kila plagi itoke na fyuzi ya kumi na tatu. Mtunza bohari, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu, aliunga mkono kwa moyo wote; boksi la aina moja ni rahisi kupanga kuliko ya aina mbili. Meneja akaenda mwenyewe mezani kwa Mama.

"Mama, ya kumi na tatu haikatiki ovyo."

"Ndiyo maana siiweki kwenye taa, baba. Isipoungua fyuzi, utaungua waya."

Alikataa kutia saini hata kadi moja ya kuruhusu chombo kutoka hivyo. Akapewa wiki moja: atii au aiache meza. Tulimwona akianza kufungasha koleo zake, taratibu, huku akiendelea kugawanya.

Siku ya nne aliingia dada mkubwa wa meneja, amekumbatia taa yake ya kusimama, na waya wake mrefu ukiburuzika nyuma. Fyuzi ilikuwa imekatika mara tatu katika mwezi mmoja. "Mdogo wangu, wewe ndiye mkubwa hapa au sivyo?" alimwambia meneja. "Niwekee hiyo fyuzi kubwa, nimechoka kupapasa kuta." Meneja alimwamuru Mama aiweke. Mama akaomba dakika tano, akaupitisha waya kati ya vidole viwili, kutoka kwenye plagi kuelekea kwenye taa. Katikati alisimama. Mguu wa kochi ulikuwa umeukandamiza waya mpaka ganda likapasuka, na mara nyingine mtu alipoketi, nyaya za ndani ziligusana. Fyuzi ndogo ilikatika kwa sababu ilikuwa ikifanya kazi yake. Ile kubwa ingevumilia, na waya mwembamba ungepata moto chini ya kochi.

Mama aliuliza ni nani hukaa kwenye kochi hilo. Dada mtu alijibu polepole kwamba mama yao hulala hapo kila alasiri.

Meneja aliuendea ubao. Alichukua chaki, akagawanya wati sitini za taa ile, akapata robo ampea, kisha akaja bohari kuomba fyuzi ya tatu. Agizo lake lilibanduliwa ukutani siku hiyo hiyo. Mama alibadilisha waya, akazirudisha koleo zake kwenye droo, akamwita mteja aliyefuata. Mtunza bohari alirudisha boksi la pili kwenye rafu, na anakiri hapa, kwa maandishi, kwamba alikosea.

Tangu siku hiyo, mafundi kumi na wawili wamejifunza kazi kwenye meza ya dirishani. Ubao unabaki, tumemwomba, naye amekubali.

Zawadi yetu kwake ni birika la umeme la wati elfu mbili. Tuligawanya watu wanne, kila mmoja kwenye karatasi yake, na kwa mara ya kwanza majibu yetu yalilingana: ampea nane na kitu, fyuzi ya kumi na tatu. Hata hivyo tunajua kwamba kabla ya kutia maji ataifungua plagi na kutazama. Kwa hiyo hatukuikaza sana ile skrubu.

Asante, Mama. Tunakutakia mapumziko marefu, chai ya moto, na nyumba ambayo taa zake hazizimiki bila sababu.