Diski Tatu na Nyimbo za Shangazi

Benchi lililo mbele ya duka la Kinyozi lina urefu wa mita mbili na robo, nimelipima mwenyewe. Watu wanne hulikalia vizuri, watano hulikalia kwa kuvumiliana. Jumatano ile, saa tisa alasiri, tulikuwa wanne: Kinyozi mwenyewe; Waya, fundi wa redio na simu; Gia Nne, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye hajakubali hadi leo kwamba kuna kitu duniani kisichofanana na injini; na mimi, ambaye baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi ya takwimu nimeishia kuitwa Mzee Desimali. Muuza kahawa alikwisha kutumiminia vikombe vya kwanza. Juu ya kigoda palikuwa na kompyuta ya Kinyozi, ikinguruma kama mgonjwa wa pumu, na diski tatu za nje ambazo Waya alizileta katika mfuko. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na nyimbo mia moja arobaini na sita za kubembelezea watoto, zilizoimbwa na shangazi yake Kinyozi. Tangu asubuhi kompyuta ilikuwa imejizima yenyewe mara mbili.

— Chagua, ndugu yangu, alisema Waya. Hii nene ina sahani inazunguka ndani. Hizi mbili nyembamba hazina kinachozunguka, ni chipu tupu.

— Kitu kisichozunguka kinafanyaje kazi? alidakia Gia Nne.

— Kwani redio yako inazunguka?

— Redio yangu ina kitufe, na kitufe kinazunguka.

— Jamani, mimi narekodia chumbani, alisema Kinyozi. Nimetundika mablanketi ukutani, feni nazima, jirani nimemwomba asigonge misumari Jumapili. Sitaki dude linalovuma karibu na maiki.

— Ndiyo nakwambia. Nyembamba ya kurekodia, nene ya kuhifadhia. Ila nene ukiiangusha wakati inafanya kazi, sahani inakwaruzika na habari imeisha.

— Na nyembamba nikiiangusha?

— Unainama, unaiokota.

Gia Nne aliinyanyua ile nene, akaipima mkononi kama mtu anayenunua nyama.

— Hii isilazwe. Mzigo ukilala, vizito vinashuka chini. Nyimbo za sauti nene zitazifinya nyembamba.

— Gia, babu wewe, hakuna wimbo mzito humu!

— Tena sijamaliza. Hizi ni nyimbo za kulalia, sivyo? Ukizijaza mia na kitu kwenye diski moja, diski yenyewe inasinzia. Kila kumi, tia moja ya dansi iwe macho.

— Kusinzia zinasinzia kweli, alikiri Waya kwa shingo upande. Zisipoguswa zinajipumzisha.

— Si nimesema! Gia Nne alijipiga goti. Mnanidharau bure. Muuza kahawa, niongezee.

Niliona wakati umefika wa kuingiza tarakimu. Nilitoa kalamu.

— Kila wimbo, kwa wastani, ni dakika kumi na mbili. Mara mia moja arobaini na sita, tunapata dakika elfu moja mia saba hamsini na mbili. Kila dakika ya maiki moja hula megabaiti tisa. Maiki ni mbili. Jumla haizidi gigabaiti thelathini na mbili, na hiyo ni kazi ya miaka miwili. Diski ndogo kati ya hizi ina gigabaiti elfu moja. Kwa mwendo huo, shangazi ataijaza akiwa na umri wa miaka mia moja arobaini na nne.

Waya alicheka hadi kahawa ikammwagikia. Kinyozi hakucheka.

— Hataongeza hata mmoja, Mzee Desimali. Sauti imekatika mwezi uliopita. Daktari kasema haitarudi kama zamani. Sasa ananong'ona tu. Zilizomo humu ndizo hizo.

Kompyuta ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Tuliitazama wote.

— Basi tusichague, nilisema. Tuchukue zote tatu.

Hakuna aliyebisha, jambo ambalo kijiweni petu hutokea kama mara mbili kwa mwaka. Waya alichomeka ya kwanza. Nilikata vipande vya plasta ya duka, nikaandika: MOJA, ya kazi, ikae chumbani; MBILI, ya akiba, ikae dukani; TATU, ile nene, ikae kwangu.

— Kwa nini zisikae kabatini pamoja? aliuliza Gia Nne.

— Nyumba ikivuja maji, nakala tatu za kabati moja ni nakala moja.

— Hapo umeongea kidereva. Tairi la akiba hulifungi kwenye lori la mwenzako... Hapana, subiri, hulifungi... Haya, endelea.

Kompyuta ilistahimili. Ilipofika asilimia mia kwa mara ya tatu, Kinyozi alishusha pumzi na kuagiza kahawa kwa wote. Nilimwonyesha folda zilivyokaa: mwaka, mwezi, tarehe, namba ya wimbo. Utaratibu huo nilimpa mimi miaka miwili iliyopita, nikamkataza kuandika jina lolote, kwa hoja kwamba majina huchanganya lakini tarehe haidanganyi. Nakiri nilizitazama safu zile kwa raha.

Hapo ndipo shangazi alipofika, akitembea polepole na mkoba wake. Tulisogea, tukampa nafasi. Alikuwa mhudumu wa wodi ya watoto kwa miaka thelathini na minne, na kila mtoto aliyemsumbua kulala alimtungia wimbo wake, mbali na wale wa nyumbani.

— Shikamoo shangazi, tulisema.

— Marahaba wanangu, alinong'ona. Zimepona?

— Zimepona zote, shangazi, alisema Kinyozi. Mara tatu!

— Ahsante Mungu. Basi nitolee ule wako. Niliokuwa nakuimbia wewe. Jumamosi binti yako analeta mtoto, nataka kitukuu changu aupate huohuo. Uko wapi?

Kinyozi alinitazama. Mimi nilimtazama Waya. Waya aliitazama skrini.

— Ni upi, shangazi?

— Mimi nitajuaje? Uliniambia imba, nikaimba. Kuandika mlisema mnaandika ninyi.

— Tutafute jina lake ndani ya wimbo, alipendekeza Gia Nne.

— Hamtalipata. Wote nawaita mgeni wangu.

Nilipiga hesabu kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya: kuzisikiliza zote kunachukua muda wa saa ishirini na tisa na dakika kumi na mbili. Ili tumalize Ijumaa jioni, tusikilize kwa muda wa saa tisa na dakika arobaini na nne kila siku.

— Kosa ni langu, nilisema.

— Ni lako, ndiyo, alijibu shangazi kwa upole. Basi anzeni na wa kwanza.

Kinyozi aligeuza kibao cha mlangoni kikaonyesha upande wa KUMEFUNGWA. Waya aliunganisha spika. Sauti ya shangazi ikatoka, nzima na ya kina, na mwenyewe akainamisha kichwa kuisikiliza.

— Ni huu? aliuliza Kinyozi.

— Huu wa kitanda cha nne. Alikuwa halali bila kushika kidole.

Niliandika hivyohivyo, pembeni ya tarehe. Wa pili ulikuwa wa mapacha. Wa tatu ulipofika katikati, kikombe kilianza kuinama mkononi mwa Gia Nne. Kidevu kilikuwa kimeshagusa kifua, naye akikoroma kwa gia ya kwanza.

— Ni huu, shangazi?

Alitikisa kichwa, akakichukua kikombe taratibu kisimwagike.

— Si wako. Lakini Mzee, andika: huu unamfaa dereva.