Marehemu Tsao Chin-ken, Mwoka Mikate wa Tieban na Baba wa Hsin-yu

Marehemu Tsao Chin-ken, ambaye wengi wenu mlimwita Ken wa Mikate, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 katika kijiji cha Tieban, kisiwani Nangan. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Tsao Yi-shui na mama Lin Hsi-mei, waliokausha kamba wa baharini na kuwauzia askari. Alizaliwa mkubwa mno, hata mkunga akamuuliza mama kama mimba yote alikuwa akila mawe.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1972, akamaliza sekondari mwaka 1984. Enzi hizo visiwa vyetu vilikuwa chini ya jeshi, na hata mpira wa watoto ulipaswa kuandikishwa, maana mtu angeweza kuukumbatia akaelea nao hadi ng'ambo, kwa adui. Siku mwalimu alipolisomea darasa amri hiyo, Chin-ken aliinua mkono. "Mwalimu, na mimi niandikishwe? Mimi naelea kuliko mpira." Alichapwa, darasa likaangua kicheko, na yeye akacheka nao huku akijipapasa makalio. Hakuwa mtu wa hasira. Ni jambo moja tu katika maisha yake lililomtoa katika upole huo, na familia imeona lisipitwe juu juu. Mjane wake ndiye aliyesisitiza lisomwe lote.

Baada ya kumaliza utumishi wa jeshi mwaka 1989 alijifunza kuoka kwa mjomba wake. Mwaka 1994 alifungua tanuri lake mwenyewe hapa Tieban, akawa anaoka ile mikate yetu ya duara yenye tundu katikati na ufuta juu. Kila aliyewahi kungoja ndege kisiwani hapa amewahi kula mkate wake.

Tarehe 12 Novemba 1998 alimwoa Liu Mei-tzu wa kisiwa cha Beigan. Walikaa bila mtoto hadi majirani wakaanza kunong'ona. Ndipo tarehe 4 Juni 2002 akazaliwa Hsin-yu, mtoto wao wa pekee. Chin-ken alioka mikate siku nzima akaigawa bure, na mlevi mmoja alirudi kwenye foleni mara kadhaa akidai kila mara kuwa ni pacha wake.

Hsin-yu alikuwa mtoto mtulivu. Shule ya chekechea ilimsifu. Lakini baba yake aliona mambo mengine. Mtoto hakumwita baba. Akitaka kitu kilichoko juu, alimshika Chin-ken kifundo cha mkono na kuupeleka mkono ule hadi kwenye kitu, kana kwamba ni koleo la kutolea mikate, bila kumtazama usoni. Honi ya meli ikilia bandarini, alijikunja chini ya meza akaziba masikio hadi jua linatua. Mwalimu mmoja kijana aliyepangiwa kazi hapa kwa mwaka mmoja ndiye aliyelitaja neno hilo kwa mara ya kwanza: usonji.

Mwaka 2007 Chin-ken alimpeleka kwa daktari wa hapa kisiwani. Daktari alimpa mtoto pipi, mtoto akaipokea.

"Ni mtoto wa kike, ana haya tu," alisema. "Hayo unayoyasema ni ya wavulana."

Mkewe alifurahi. "Umesikia, Baba Hsin-yu? Sasa tulia."

"Sijaridhika."

"Ukishampachika mtoto jina hilo, nani atalifuta? Kisiwa chenyewe hiki kama kiganja. Nani atamwoa? Nani atamwajiri?"

"Asiyeweza kumwita baba yake ataolewa na nani, Mama Hsin-yu?"

Hawakusemeshana wiki nzima. Chin-ken alipiga simu hospitali moja kubwa ya Taipei, akapewa zamu ya miezi minane mbele, mwezi Aprili 2008. Asubuhi ya siku hiyo ukungu ulifunika uwanja wa ndege. Walisubiri hadi safari zote zikafutwa, akapiga simu mbele ya abiria wenzake.

"Zamu yenu imepita, baba," alisema karani.

"Dada yangu, ndege haijaruka. Kuna ukungu."

"Hapa jua linawaka."

"Sasa jua la Taipei linanisaidia nini mimi?"

"Nitakuandika upya. Januari."

"Januari ya mwaka kesho?"

"Ndiyo, baba. Watoto ni wengi."

Aliketi pale hadi mfagiaji akafagia kuizunguka miguu yake. Jioni, mtu asiye na hasira alibamiza mlango wa tanuri hadi udongo ukapasuka. Kila jirani aliyemuuliza habari za mtoto alijibiwa kwa mkato, na wengi wenu mlidhani ana majivuno. Alikuwa anahesabu umri wa mwanawe. Alikuwa ameambiwa kwamba mtoto kama huyo husaidiwa mapema, na yeye aliona mapema hiyo ikimpita akiwa amekaa.

Januari 2009 hakuthubutu kutegemea ndege. Walipanda meli siku moja kabla. Honi ilipolia Hsin-yu alipiga yowe lisilokatika. Mama mmoja abiria akasonya, "Mtoto huyu hana adabu jamani?"

"Ndiyo tunakwenda kuuliza, shangazi," Chin-ken akamjibu.

Katika chumba cha daktari, Hsin-yu aliingia na koti lake jekundu, akainama, akamtazama daktari usoni na kusema, "Habari za asubuhi, daktari. Naitwa Tsao Hsin-yu. Nina miaka sita. Nina marafiki wawili. Napenda kucheza nao."

Chin-ken alipigwa na butwaa. Hakuwahi kumsikia mwanawe akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Daktari, mzee mpole aitwaye Pan, alitabasamu akaandika. Alimpa mtoto picha za kupanga, akazipanga. Halafu akafunga faili.

"Una mtoto mzuri, bwana Tsao. Ana haya kidogo. Punguzeni kazi, kaeni naye zaidi."

"Daktari, huyu siye."

"Siye nani?"

"Siye yule wa nyumbani."

"Wazazi wengine wangeshukuru. Kuna watu wanasubiri nje."

"Siinuki."

Muuguzi alichungulia mlangoni. Daktari alinyanyua simu kuwaita walinzi. Ndipo Chin-ken alipopiga meza kwa ngumi. "Nimesubiri ukungu! Nimesubiri simu! Leo mnaniambia nikae naye zaidi? Nakaa naye kila siku na haniiti!" Hsin-yu alijibana kwenye kona ya kabati, mikono masikioni. Baba yake alipomwona hivyo akashusha ngumi, lakini kitini hakuinuka.

Mei-tzu alikuwa amesimama ukutani muda wote, mkoba kifuani. "Daktari," alisema, "hebu muulize majina ya hao marafiki wawili."

Daktari alisita, simu ingali mkononi. Alingoja mtoto atulie, kisha akamuuliza taratibu.

Hsin-yu alimtazama mama yake. Mama akainamisha macho. Halafu mtoto akatoka konani, akainama tena na kuanza upya, kwa sauti ileile na vituo vilevile: "Habari za asubuhi, daktari. Naitwa Tsao Hsin-yu. Nina miaka sita. Nina marafiki wawili. Napenda kucheza nao."

"Hana rafiki hata mmoja," alisema Mei-tzu. "Nimemfundisha mimi, kila jioni baba yake akiwa tanurini. Nilimwambia akutazame katikati ya nyusi. Niliogopa."

Daktari Pan alirudisha simu mahali pake. "Keti nawe, mama," alisema. "Na nisameheni. Tuanze mwanzo."

Waliposhuka Nangan, Chin-ken aliuchukua mkoba wa mkewe akautundika begani pamoja na wake, nao wakapanda kilima hivyo, mtoto kati yao.

Majibu kamili yalitoka tarehe 20 Mei 2009, baada ya safari nyingine mbili. Hsin-yu ana usonji. Chin-ken alikuwa amedhani siku hiyo atashangilia. Badala yake alilia ngazini mwa hospitali, na Mei-tzu ndiye aliyemfuta machozi. Vita havikuisha. Mwalimu maalumu ambaye Hsin-yu aliahidiwa hakuja hadi mwaka uliofuata ukaisha, na hadi hapo Chin-ken alipeleka mikate ofisi ya elimu kila Jumatatu, akaketi, akauliza, akaondoka. Mkuu mmoja alianza kutokea mlango wa nyuma. Chin-ken akahamishia kiti chake mlango wa nyuma.

Hsin-yu alimwita baba kwa mara ya kwanza akiwa na miaka tisa. Alisema, "Baba, unaziba taa." Chin-ken alisogea, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu.

Mwezi Juni 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa hospitalini Keelung, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi kwa kishindo. Hofu yake haikuwa kifo. Alimwambia dada yake, "Mimi nimezoea kusubiri. Yeye nani atasubiri naye?" Alimweleza Hsin-yu mwenyewe, bila mafumbo, kwamba baba atakufa na hatarudi. Mei-tzu alimkasirikia. Hsin-yu aliuliza ni siku gani. Alipoambiwa haijulikani, alihamishia kiti chake karibu na kitanda, na hakukiondoa tena. Chin-ken alifariki nyumbani tarehe 17 Oktoba 2023, asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Leo hamkusikia fataki, wala matoazi, wala tarumbeta, ambazo ni desturi ya mazishi yetu. Wapo wazee walioumia na wametuambia. Mmoja alimfuata Chin-ken akiwa kitandani akamwambia, "Wewe mtoto wa Yi-shui utazikwa kimya kama paka?" Naye akajibu, "Nizikwe kama paka, mzee wangu, ila mwanangu awepo hadi mwisho." Ukimya huu ni agizo lake. Hsin-yu amesimama upande wa pili wa kaburi, mahali alipopachagua mwenyewe. Tunawaomba msimwite na msimkumbatie. Akitaka, atakuja.

Marehemu ameacha mjane, Liu Mei-tzu, binti, Tsao Hsin-yu, anayepima na kukanda unga wa duka letu la mikate, kaka wawili, na dada, Tsao Pi-lien, anayewasomea haya.

Lala kwa utulivu, Chin-ken. Mwanao yupo hapa.