Bi. Kaveke Mulinge Auacha Mtambo wa Chumvi

Baada ya miaka ishirini na mmoja katika Mradi wetu wa Maji wa Kwa Nduva, nje kidogo ya Mwingi, Bi. Kaveke Mulinge anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Kamati imeniomba niandike kitu cha kuchangamsha sherehe. Haya, nitajaribu, lakini moyo wangu hauna sherehe hata kidogo.

Alianza kwa kusoma mita. Wakati huo tulijisifu kwamba maji ya kisima chetu ni maangavu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Uchafu wa vyoo vyetu na mazizi ya mnada wa mbuzi ulikuwa umezama ardhini na kuyajaza naitreti, kemikali isiyo na rangi wala harufu. Mtu mzima huinywa asihisi kitu. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo hugeuka samawati midomoni, akakosa pumzi. Mtoto wa Muthoki, karani wetu, tulimzika kabla hatujajua ni nini.

Ndipo ukaletwa mtambo, na Bi. Kaveke akafunzwa kuuendesha. Ni tangi lililojaa punje ndogo kama za wimbi. Punje hizo hukamata naitreti na kuachilia chumvi kidogo mahali pake. Zikishiba, huoshwa kwa maji ya chumvi nyingi, zikaanza upya.

Aii, hiyo chumvi! Akina mama walipomwona akimimina gunia zima, walimjia juu na mitungi yao, wakisema ametumwa kuwamaliza: wao wanakimbia maji ya munyu, yeye anayaongeza! Aliwaeleza kioski kwa kioski mpaka sauti ikakauka. Mbuzi nao hawakuhitaji kuelezwa. Walivunja ua kufuata chumvi kwenye shimo la maji machafu, na Bi. Kaveke akawafukuza na patipati mkononi, huku akimgombeza Mzee Mwau, mwenye mbuzi, kwamba yale maji yangewaua wote. Tulicheka sana siku hiyo.

Tangu ashike mtambo, hatujazika mtoto mwingine kwa sababu ya maji. Sifa nyingine sina haja ya kutaja.

Sasa punje zimechakaa, zinashiba kabla ya saa sita mchana. Kamati haitanunua nyingine, na hakuna aliyefunzwa kushika nafasi yake. Kuanzia Jumatatu maji yatatoka kisimani moja kwa moja hadi kwenye vioski. Kinachoniuma zaidi ni kwamba yatakuwa matamu kuliko haya ya sasa. Watu watapiga makofi, wengine watasema huyu mama alikuwa anatuharibia maji bure.

Mwaitu, mama yetu, asante. Asante kwa magunia uliyobeba na matusi uliyomeza. Mstaafu huambiwa aende akapumzike na wajukuu. Wewe unakwenda kumlea mjukuu wako Cheryl, ambaye hajatimiza miezi mitatu, mama yake amerudi kazini Nairobi, na bomba la nyumbani kwako ni hili hili letu. Ningekuambia umchemshie maji, lakini wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba kuchemsha huzidisha naitreti. Tunakutakia maisha mema, wewe na huyo mtoto. Maji ya kumkorogea maziwa Jumatatu, haki ya Mungu, sijui utayatoa wapi.