Sista Kiti wa Chumba Namba Nne

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema neno, kaeni chini. Mwenyewe asingependa mumsikilize mkiwa mmesimama. Leo tunamkumbuka muuguzi aliyetutoka wiki iliyopita, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba namba nne, kliniki ya kina mama. Wote tulimwita Sista Kiti.

Kwa nini Kiti? Kwa sababu hakumpa mwanamke habari ya mimba kuharibika akiwa amesimama. Alikiburuta kwanza kile kiti chake cha mbao, kikalia kraaa sakafuni. Daktari wa chumba cha pili akilalamika, "Sista, utatutia uziwi!" yeye humjibu, "Kitie mafuta basi, mikono si unayo?"

Lakini jamani, hakuzaliwa nacho. Mwaka wake wa pili kazini, wifi yake, mke wa kaka yake, alikuja akitokwa damu. Mimba ya wiki tisa. Kipimo kilionyesha moyo wa mtoto umesimama. Foleni ilifika nje. Sista akasimama mlangoni, faili mkononi: "Wifi, mimba imeharibika. Panda kitandani tukusafishe."

Alisafishwa vizuri, wala hakupata tatizo. Ila hakukanyaga tena nyumbani kwa Sista. Miaka miwili ikapita! Sista alipomfuata, wifi alimjibu kupitia dirisha: "Hukuniuliza hata neno moja. Ulisimama mlangoni kama mpita njia." Sista alilia njia nzima, maana alijua ni kweli.

Ndipo kiti kikaanza. Akishakaa, anaeleza taratibu: "Hali yako inaruhusu njia tatu. Unaweza kusubiri mwili umalize wenyewe, pengine wiki mbili au zaidi. Unaweza kutumia vidonge; tumbo litauma, tutakupa dawa ya maumivu. Au tukusafishe kwa bomba la kunyonya, na leo hii unarudi nyumbani. Ila damu ikijaza pedi mbili kwa saa, au ukipata homa, njoo mbio, usisubiri chochote." Kisha anaongeza: "Na si kosa lako. Si ndoo uliyobeba, si ugomvi wa jana." Halafu anasikiliza. Mtu mwenye mdomo kama ule, anasikiliza!

Wasikilizaji, mwaka wake wa tano kazini wifi alirudi. Damu tena. Wiki nane. Hospitali ilikuwa ni hiyo moja tu, na chumba ni hicho hicho namba nne. Sista alivuta kiti. Akaeleza njia zote tatu. Akauliza: "Unataka ipi, wifi yangu?"

Wifi ametusimulia mwenyewe: "Nilifikiri weee. Watu wanagonga mlango, yeye hata saa haangalii. Nikasema nataka kusubiri nyumbani. Akasema sawa. Ilichukua siku sita. Siku zote sita alikuja akitoka kazini, akakaa nami. Siku ya nne ndiyo nilimwita wifi tena."

Kwa kaka yake, kwa wauguzi wa chumba namba nne, poleni sana. Kwako wifi, pole mara mbili. Juzi mazishini ulikuja na kile kiti, ukakiburuta hadi karibu na jeneza, kraaa, watu wakageuka. Ukakaa mpaka mtu wa mwisho alipoaga.

Nasi tujiulize. Yupo jirani, yupo dada, aliyepoteza mimba mwaka huu, na sisi tumempungia mkono tu tukapita. Leo ingia ndani. Vuta kiti.