Fundi Aliyeziacha Antena Juu ya Mapaa

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, fundi mkuu wa idara ya ufungaji wa madishi ya televisheni atarudisha stoo mkanda wake wa usalama, atatia saini katika daftari la vifaa, na kwenda nyumbani akiwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Tumezoea kumwita Bi Ngazi. Jina hilo hakupewa kwa dhihaka. Hajawahi kukubali kubebewa ngazi yake na mtu yeyote, hata wiki ile mkono wake wa kushoto ulipokuwa umefungwa bandeji, jambo ambalo, kwa hakika, lilikuwa kinyume cha kanuni.

Alianzia stoo, akihesabu skrubu na vibanio vya waya. Siku hizo mafundi wote wa ufungaji walikuwa wanaume. Alipoomba kuhamia kwao, mkuu wa idara wa wakati huo alimjibu kwamba juu ya paa si mahali pa mama wa watoto wawili. Hakubishana naye. Ilipofika saa ya mapumziko alichukua ngazi ndefu kuliko zote, akapanda juu ya ofisi yetu wenyewe, akanyoosha dishi lililokuwa limepindishwa na upepo, akateremka na kuomba fomu ya uhamisho. Runinga ya mapokezi ilikuwa na chenga kwa mwezi mzima, na mafundi tisa walikuwa wakipita mbele yake kila asubuhi. Fomu alipewa siku hiyo hiyo.

Wateja nao walichukua muda kumzoea. Wapo waliofungua mlango, wakatazama nyuma yake, wakauliza fundi yuko wapi. Yeye alikuwa akiwajibu kwa heshima zote kwamba fundi anapanda sasa hivi, kisha akapanda. Hata nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu, alikuja siku moja kumtembelea mwanawe bila taarifa. Aliuliza mkwewe yuko wapi, akaambiwa yuko juu ya paa la watu. Bibi yule akauliza wamegombania nini.

Mimi ni mtu wa masijala, na kazi yangu ni kusoma kinachoandikwa na wenzangu. Naweza kushuhudia kwamba taarifa zake za kila siku hazikuwa na neno la ziada. Mteja mmoja alilalamika kwa wiki mbili kwamba picha inaganda, na mafundi wawili walikwisha kumbadilishia king'amuzi. Bi Ngazi alikwenda, akapanda, akateremka, akaandika: "Hitilafu: shuka mbili na foronya. Zimeanuliwa." Nilipokea taarifa hiyo nikaiweka katika jalada bila kuigusa kwa kalamu, na wanaonifahamu wanajua ni mara chache jambo hilo hutokea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wafanyakazi wapya huliuliza kila mara, na ambalo kila mtu hulisimulia kwa namna yake.

Mwongozo wa ufungaji wa zamani ulimtaka fundi, akishafunga dishi, ateremshe antena ya zamani ya mteja na kuileta stoo. Sababu iliyoandikwa ilikuwa usafi wa paa. Sababu ambayo haikuandikwa ni kwamba mteja asiye na antena hana pengine pa kutazama, basi hawezi kutuhama. Bi Ngazi hakuteremsha hata moja. Aliiacha antena mahali pake, akafunga ncha ya waya wake kwa utepe ili maji yasiingie, akauning'iniza waya kwenye msumari nyuma ya runinga, na kuufungia kikaratasi kilichosema: "Antena. Usitupe." Alipoulizwa na wenzake, aliwakumbusha kwamba wahenga walikataza mtu kuacha mbachao kwa msala upitao.

Kwa ajili hiyo aliandikiwa barua mbili za onyo, zilizopishana kwa miaka mitatu. Ya pili ilimweleza wazi kwamba ya tatu itakuwa ya kumwachisha kazi. Barua zote mbili niliziandika mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na Kiswahili chake kilikuwa hakina kasoro. Majibu yake ya barua ya pili yalikuwa ya sentensi mbili: "Nimeisoma na kuielewa. Paa ni la mteja."

Katika mwaka wa ishirini wa utumishi wake, mkataba kati ya kampuni yetu na vituo viwili vya televisheni vya hapa kwetu ulimalizika, na mazungumzo ya mkataba mpya yakavunjika. Siku ya Alhamisi, saa sita adhuhuri, chaneli hizo mbili ziliondolewa kwenye ving'amuzi. Mahali pake palibaki kioo cha buluu na maneno machache ya kuomba subira. Ilikuwa ni katikati ya msimu wa mvua. Wateja wetu waliweza kutazama mpira wa nchi ya mbali na tamthilia za watu wasiowajua, lakini hawakuweza kujua barabara gani ya mji wao imefungwa na maji. Mafundi walipewa agizo la maneno: wateja waambiwe wavute subira, na habari ya antena, ambayo ilikuwa bado inazinasa chaneli hizo bure kutoka mnarani, isitajwe.

Ijumaa asubuhi Bi Ngazi alitumwa kwa fundi cherehani mmoja aliyeripotiwa kuwa na hitilafu ya king'amuzi. Bwana huyo ni kiziwi tangu utotoni. Kimoja cha vituo vile viwili ndicho pekee kilichokuwa na mkalimani wa lugha ya ishara kwenye kona ya kioo wakati wa habari, na fundi huyo alikuwa na chumba cha kushonea kando ya mfereji mkubwa, ambao siku hizo ulikuwa ukijaa hadi ukingoni. Mkewe alimweleza Bi Ngazi kwamba mumewe hajalala vizuri. Alidhani yeye ndiye aliyebofya kitu kibaya. Alikuwa amekwisha kubadilisha betri za rimoti mara tatu.

Agizo lilikuwa wazi, na barua ya tatu ilikuwa wazi zaidi. Bi Ngazi aliingiza mkono nyuma ya runinga, akautoa waya aliokuwa ameuning'iniza miaka minane kabla, akaondoa utepe na kuuchomeka. Mkalimani akatokea kwenye kona yake. Fundi cherehani alisogeza kiti karibu, akatazama mpaka mwisho, kisha akaenda moja kwa moja kuhamisha vitambaa vya watu kutoka kwenye chumba cha kando ya mfereji. Jioni yake maji yaliingia humo hadi kwenye magoti. Hayakukuta hata kipande cha uzi.

Angeweza kunyamaza. Badala yake aliandika taarifa yake kama kawaida: "Hitilafu: hakuna. Chaneli tumeiondoa sisi. Nimeunganisha antena ya mteja." Ni sentensi tatu, na hakuna hata moja iliyohitaji kusahihishwa. Msimamizi wake alipoisoma alishika kichwa, kisha akaipeleka juu.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, aliitwa kwa mkurugenzi. Mimi nilikuwamo chumbani, kwa sababu nilikuwa nimeleta barua ya tatu ili itiwe saini. Mkuu wa huduma kwa wateja alikuwamo pia, akiwa na orodha ya watu waliorudisha ving'amuzi tangu Alhamisi. Bi Ngazi alikuwa njiani kwenda kazini, hivyo aliegemeza ngazi yake ukutani kwenye ukumbi, na katibu muhtasi akalalamikia tope. Binti zake wote wawili walikuwa chuoni mwaka huo, na mumewe, mwokaji mikate, alikuwa amefunga tanuri lake kwa kukosa unga. Hakuna mtu katika chumba kile asiyelijua hilo.

Mkurugenzi alikuwa kijana kwake kwa umri, na alimwita mama. Alimuuliza kama anajua anamfanyia nani kazi.

"Naifanyia kampuni," alijibu, "lakini naifanyia ndani ya nyumba za watu."

Mkurugenzi alimwambia kwamba kumfundisha mteja kutumia antena ni kumwonyesha mlango wa kutokea. Hapo Bi Ngazi alisema maneno ambayo nimeyahifadhi kama yalivyotamkwa.

"Mkurugenzi, mtu akikosa habari za kwao kwa sababu yetu, atatuchukia sisi, hatakichukia kituo. Akizipata kwa mkono wetu, atatusubiri. Kama nimekosea, barua naiona hapo mezani."

Mkurugenzi alimgeukia mkuu wa huduma kwa wateja, akamuuliza ni wangapi wamerudisha ving'amuzi. Walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Akauliza ni wangapi kati yao waliofungiwa dishi na mama huyu. Mkuu yule alipitisha kidole kwenye orodha, akafika mwisho, akarudi tena mwanzo. Alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa amehama mji.

Barua ilirudishwa kwangu bila saini, na nikaagizwa kuandika nyingine kabla ya saa ya chakula, iende kwa mafundi wote. Ilisema antena zote zilizomo stoo zitolewe na kufungwa bure kwa kila mteja atakayetaka. Zilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani, zimerundikwa hadi darini kama mifupa ya samaki. Bi Ngazi aliwekwa kuongoza kazi. Mara nyingi fundi alijikuta anapanda paa lile lile alikoteremsha antena mwaka uliopita, na wenzake waliokuwa chini walimpigia kelele kwamba mwenye kung'oa ndiye apande. Bi Ngazi hakuwacheka. Alisimama akishikilia ngazi, akiwaambia waelekeze antena upande wa mnara, si upande wa mashabiki wao.

Mvutano ulidumu siku ishirini na sita. Fahali wale wawili walipochoka, nyasi zilikuwa bado zimesimama. Mkataba ulitiwa saini, chaneli zikarudi kwenye ving'amuzi, na wengi wa wale waliotuacha walirejea. Mwongozo wa ufungaji nao ulibadilishwa. Kifungu cha saba sasa kinasema antena ya mteja isiguswe, na waya wake ufungwe ncha. Tangu hapo chaneli za nyumbani zimeondolewa kwetu mara mbili zaidi, na mara zote mbili simu zilizoingia zilikuwa za kuuliza, hazikuwa za kutukana. Mafundi kumi na wanne aliowafundisha kazi wako humu humu, watano kati yao ni wanawake, na hakuna hata mmoja anayehitaji kuambiwa la kufanya. Mkataba wa sasa unamalizika mwakani. Wakubwa wavutane watakavyo. Sisi tuko tayari.

Jalada la Bi Ngazi bado lina barua zangu mbili. Aliwahi kuniuliza, bila kinyongo, kama zinaweza kuondolewa kabla hajastaafu. Nilimjibu kwamba kanuni za masijala haziruhusu karatasi kutoka ikishaingia, na jibu hilo ni sahihi. Lakini kanuni hizo hizo hazikatazi karatasi nyingine kuingia. Wasifu huu, ukishasomwa Ijumaa mbele ya wafanyakazi wote, utatobolewa matundu mawili na kuwekwa juu ya barua zile, na kila atakayelifungua jalada hilo ataanzia hapa.

Asante, Bi Ngazi, kwa kila paa ulilolipanda. Nenda ukapumzike na mumeo na binti zako, miguu yako ikiwa chini. Tunakuombea afya, utulivu na miaka mingi ya maisha mema.