Soksi ya Mkono ya Taraben

Miaka ile ya ruksa, sabuni iliporudi madukani na watu wakaacha kupanga foleni ya sukari, kwenye kona ya Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, palikuwa na benchi la mninga, limekaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Kantilal. Abbasi alichemsha kahawa hapo tangu jua halijawa kali, kashata kazipanga kwenye sinia, ndoo ya kuoshea vikombe iko pembeni. Waliokaa walikuwa hao hao kila siku ya Mungu. Redio, fundi cherehani, mdomo wake haujazimwa tangu azaliwe. Mangi, yaani Tarsis wa Rombo, muuza jumla wa biskuti duka la pili, akija kunywa kahawa jicho moja linabaki dukani. Abbasi mwenyewe na birika lake. Na Winga. Huyu jina lake Shaibu, ujanani alikuwa anakimbia pembeni mwa kiwanja kule Jangwani mpaka mabeki wanakaa chini. Mbio zilikwisha, jina likabaki.

Zilikwisha kwa sababu ya mguu. Ulimvimba taratibu, mwaka huu kidogo, mwaka wa pili kidogo, mpaka ukawa gogo. Matende, watu wa pwani wanayajua. Basi Winga akawa mtu wa msuli, na juu ya msuli anatandika shuka, iwe masika iwe jua la utosi. Anafika benchini kabla ya watu, anaondoka baada ya watu, asije akaonekana anatembea. Na wenzake walimsitiri. Ikifika jioni kila mmoja anakumbuka ana shughuli, wanaondoka bila kugeuka nyuma. Watu waliokuwa wanajua meli imekwama wapi na nani kamroga golikipa, juu ya mguu uliokaa katikati yao walikuwa mabubu. Heshima hiyo.

Sasa Januari ile Winga alikuwa na mtihani mkubwa. Binti yake Sitara alikuwa anaolewa Tanga, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Na mtoto wa kike anaozeshwa na babake. Baba ndiye anayeshikana mkono na bwana harusi mbele ya watu wote. Winga alishampelekea salamu mdogo wake wa kule Tanga asimame badala yake. Benchini akasema basi lina joto, na kifua chake hakipendi vumbi. Wenzake wakaitika, ndiyo bwana, safari ya Tanga si mchezo. Lakini chakula kilikuwa hakimpandi. Sitara alikuwa amemjibu neno moja tu, kwamba yeye hataki ba'mdogo, anamtaka baba.

Hapo ndipo Taraben akatokea.

Ni dada yake Kantilal, kazaliwa vyumba vya juu ya duka hilo hilo. Aliondoka na mumewe kwenda Uingereza miaka ile majumba yalipochukuliwa na serikali, na hii ndiyo ilikuwa likizo yake ya kwanza kurudi. Siku ya kwanza anashuka ngazi, Redio alisimamisha cherehani katikati ya mshono. Mama mtu mzima, sari ya pamba, kandambili, kikapu cha ukindu. Na mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani mpaka kwapani, kauvika soksi. Soksi nzito, rangi ya chai ya maziwa, imebana kama ngozi ilivyobana ngoma. Mkono mmoja tu. Na joto lile, lami ilikuwa inang'ang'ania kandambili za watu.

Mama mwenyewe hajafika hata sokoni, benchi lishaanza kazi. Redio alisema ni dhahabu: bangili zimepangwa humo ndani moja baada ya moja, zimepita forodha zinacheka.

— Wahenga walishasema, mkono mtupu haulambwi. Ndiyo maana kauvalisha.

Mangi hakukubali. Kwake yeye ile ilikuwa fasheni, imeanza na mkono mmoja kwa sababu kila biashara inaanza na sampuli. Tena soksi za namna ile alishaziona Mchikichini ndani ya robota la mitumba, zinabana, hazina vidole, mwenye robota hakujua ni za nini akawauzia magolikipa. Mangi akawa anauliza wapi atapata robota zima kabla watu wa Mtaa wa Kongo hawajashtuka.

Abbasi aliwasikiliza huku anamimina, akasema wote hawajui. Mtu aliyekaa kwenye baridi miaka yote ile hawezi kupokea joto la Bongo mwili mzima kwa mpigo, atapasuka kama glasi. Kwa hiyo anauzoesha mwili kidogo kidogo. Ule mkono ulikuwa bado uko Ulaya.

Mambo yakazidi Candida, anayefanya kazi kwa Kantilal, aliposhuka kununua kashata. Akawaambia soksi ziko mbili. Moja inafuliwa kila jioni kwa sabuni laini, haikamuliwi kwa kusokotwa, inaanikwa kivulini. Nyingine inalala kwenye friji, pembeni ya maziwa mgando.

— Kwenye friji, akasema Redio polepole, kama mtu anayeonja.

— Asubuhi akiamka ndiyo anaivaa ikiwa ya baridi. Anaivuta mpaka jasho linamtoka. Nikitaka kumsaidia ananiambia niache.

Redio akasema mvumilivu hula mbivu, ndiyo maana inahifadhiwa. Mpaka saa ya adhuhuri alikuwa ameshafika mbali: ule si mkono, ni mpira. Wazungu wamemkata wa kwake wakampachika wa kutengeneza, una betri, na betri ikipata joto inabidi ipoe. Ushahidi anao, maana yule mama anatembea na chupa ya kupulizia maji, ile ambayo mafundi huloweshea nguo kabla ya pasi, na kila akifika kivulini anajipulizia mkono. Mangi akacheka, akamuuliza kama kweli yupo mtu wa kujipiga pasi mwenyewe. Redio akamwambia aendelee kucheka, hata treni lilipoletwa Gerezani kuna watu walicheka.

Winga alikuwa ameegemea nguzo ya baraza. Wenzake walidhani anaumwa kifua.

Kumbe alikuwa anatazama. Aliona yule mama anatoka asubuhi na mapema, anarudi jua likipanda, anatoka tena alasiri, na barabarani anafuata upande wenye kivuli hata kama duka analolitaka liko ng'ambo. Akiwa dukani anauweka mkono juu ya majora ya vitambaa, juu kuliko bega, anafumba na kufumbua kiganja huku anaongea na wateja. Na siku moja alipokuwa anabadilisha soksi nyuma ya kaunta, pazia likapeperuka, Winga akauona mkono wenyewe. Umejaa, umenyooka, kiwiko hakionekani, kama unga ulioumuka ukapita bakuli. Akainamisha macho haraka. Ule mkono na mguu wake walikuwa ndugu wa tumbo moja.

Ila kilichomtesa Winga si mkono. Ni kwamba mwenye mkono alikuwa anapita. Anapita katikati ya Kariakoo nzima, wapagazi wanamtazama, wamachinga wanamtania, naye anajibu kwa Kiswahili kile cha zamani, anapunguziwa bei ya mihogo, anacheka. Winga alikaa anafikiri, huyu kapata wapi huu uso mkavu?

Jumanne ya wiki ile ya harusi, jua lilimkuta yule mama njiani. Taraben akaja taratibu, uso mwekundu, kikapu kimemwelemea, hakuziwahi ngazi. Akakaa benchini, katikati ya Redio na Winga, kama mtu aliyekuwa anakaa pale miaka yote.

— Hamjambo wazee? Baba Abbasi, nipe kahawa. Na maji ya baridi, chupa yangu imeisha.

Abbasi akampa maji ya mtungini kwenye kikombe. Hakuyanywa. Aliyamimina juu ya ile soksi, kuanzia begani yakashuka mpaka vidoleni, akafumba macho akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Maji yakachuruzika sakafuni. Redio alishindwa.

— Mama, samahani, mi ni mtu wa kuuliza. Hiyo betri ikilowa haiharibiki?

Taraben akafumbua macho. Alipoelewa anaulizwa nini, alicheka mpaka kahawa ikamwagika, kisha akamwambia amminye. Redio akaminya kwa ncha ya kidole, akakuta ni mtu.

Ndipo mama akawaeleza, pale pale, mchana kweupe, mbele ya wanaume. Alipata kansa ya ziwa. Ziwa likakatwa, na tezi za kwapani zikatolewa. Tangu hapo maji ya mwilini yakiingia mkononi hayapati njia ya kurudi, yanatuama. Soksi inayakamua yapande. Akiivua joto likiwa kali, mkono unavimba. Akiivaa, unawasha, ngozi inatoka vipele, mkono unaoga jasho humo ndani.

Kantilal alimsikia akatoka mlangoni. Alimwambia dada yake apande juu, panka iko, na haya mambo si ya barazani. Alishamwambia tangu mwanzo aje mwezi wa saba, kukiwa na ubaridi. Na kama joto limemshinda tiketi inabadilishwa, arudi mapema.

— Kanti, nimepanda ndege kulifuata joto hili, akasema Taraben. Sasa nilikimbie?

— Ona ulivyo.

— Naona. Wiki ya kwanza nililia, kwani hukunisikia? Nilitaka kuitupa dirishani. Halafu nikasema, nikikaa ndani, hapa na kule kuna tofauti gani? Nimekuja kuona Kariakoo. Na Kariakoo haipandi ngazi kunifuata.

Kantilal akarudi ndani. Abbasi akamwongezea mama kahawa bila kuombwa, na Mangi, ambaye hata siku moja hajawahi kusahau duka, alikuwa amelielekezea mgongo. Redio akasema huyu ndiye mwanaume. Akajirekebisha, akasema huyu ndiye mtu.

Taraben akanywa. Alipogeuka kuweka kikombe, akamwona Winga, jasho limemlowesha shati, na lile shuka limemkaa mapajani mpaka chini.

— Na huyu bwana, mbona kajifunika hivi na joto hili?

Lilikuwa ni swali la mtoto mdogo. Redio akafungua mdomo, ukabaki wazi. Mangi akatazama biskuti zake kule dukani. Abbasi akainamia ndoo akaanza kuosha vikombe ambavyo vilishaoshwa.

Winga alishika pindo la shuka. Angeweza kusema kifua. Neno lilikuwa ulimini, amelizoea. Akamtazama yule mama, mkono umelowa unachuruzika, hana habari na mtu.

Akalitoa shuka. Akapandisha na msuli mpaka gotini.

Taraben aliinama akautazama ule mguu bila kuguna wala kuziba pua, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

— Unauosha?

— Nauosha.

— Na katikati ya vidole unakausha?

— Hapo ndiyo sipaangalii sana.

— Paangalie. Maji na sabuni kila siku, kausha pole pole. Ukilala uweke juu ya mto. Ukikaa usiuning'inize namna hii. Na ukamwone daktari, we mguu wako si sawa na mkono wangu, soksi haiokotwi tu. Mi nilipimwa kwa futi kama nashonewa blauzi.

— Utapona?

— Wangu hauponi, akasema Taraben. Unapungua, unaongezeka, ninauvalisha, tunaenda.

Winga akautazama mguu wake. Alipouliza tena, sauti ilikuwa ya chini, lakini benchi zima lilisikia.

— Watu wakikutazama?

— Na mimi nawatazama. Wanachoka kabla yangu.

Redio akakohoa. Mangi, bila kuambiwa, alinyanyuka akaenda dukani kwake, akarudi na katoni ya biskuti, akaiweka mbele ya Winga, akaunyanyua ule mguu kwa mikono yake miwili akauweka juu ya katoni. Akasema aisee, hizi haziumii, ni ngumu kama matofali. Ndipo watu wakacheka. Winga alicheka akijipangusa macho kwa lile shuka.

Walikaa hivyo mpaka kivuli kikageuka. Taraben alikuwa ameshapanda juu kubadilisha soksi, Redio alikuwa anamweleza Abbasi kwamba betri ilikuwa mawazo ya Mangi, Mangi anakataa. Winga akaushusha mguu. Akashika nguzo ya baraza, akasimama. Jua lilikuwa bado juu, mtaa umejaa, mikokoteni inapishana na wateja. Wenzake wakakumbuka adabu yao, wakaanza kutafuta pa kuelekeza macho.

— Redio, akasema Winga.

— Naam.

— Naenda Kisutu, stendi. Nataka kushika siti ya basi la Tanga la kesho.

Redio akamtazama.

— Si ulisema ba'mdogo atamwozesha?

— Mtoto kamkataa. Nisindikize. Ila natembea pole pole.

Redio akafunika cherehani yake kwa kitambaa, akavaa kandambili.

— Mi mwenyewe sina haraka, akasema, wakashuka barazani.